Piga Nakala Kwanza: Negativu za Nyumbani na Kamera ya Dijitali

Likizo iliyopita nilirudi kwetu Wete, nikapewa kazi ya kupanga kabati la marehemu ami. Chini ya nguo nikakuta kopo la biskuti limejaa negativu. Nikainua moja dirishani: mtu kavaa kanzu nyeusi, uso mweupe kama karatasi, maana kwenye negativu kila kitu ni kinyume.

"Huyo ndo babu yako," bibi akasema. "Picha yake nyingine mie sina."

Negativu ilikuwa imeota koga. Mie na haraka zangu nikachovya kitambaa kwenye maji, nikafuta. Kofia na nusu ya paji la uso vikaondoka na kitambaa. Bibi akauliza tu, "Kimebaki nini?"

Baadaye ndipo nikasoma kosa langu. Picha kwenye filamu imeshikiliwa na utando wa jelatini, na jelatini ni chakula cha koga. Ikishaliwa huwa laini, ikiguswa na maji inayeyuka. Kwa unyevu wa kwetu Pemba, hasa masika, makopo mengi yako hatarini. Basi kanuni ya kwanza ni hii: piga nakala kwanza, usafi baadaye. Vumbi lipulize kwa pampu ndogo ya mpira, usifute.

Vifaa si vingi. Niliazima kamera yenye lenzi ya kupigia vitu vya karibu, pamoja na stendi. Kwa mwanga nilitumia tableti, skrini nyeupe tupu, mwanga hadi mwisho. Juu yake niliinua kipande cha plastiki nyeupe kwa sentimita tano hivi, ili vidoti vya skrini visionekane. Negativu inakaa juu ya plastiki, imebanwa na fremu ya kadibodi nyeusi yenye tundu la milimita 24 kwa 36, ukubwa wa picha moja ya filamu ya kawaida.

Kamera itazame chini, sawasawa na filamu. Weka kioo kidogo mahali pa negativu; ukiona lenzi yenyewe katikati ya picha, umenyooka. Upande unaong'aa wa filamu uelekee juu, la sivyo kushoto kutakuwa kulia. Zima taa za chumba. Weka ISO 100, tundu la lenzi f/8, flashi usiwashe, na tumia kipima muda cha sekunde mbili ili mkono usiitikise kamera. Hifadhi faili la RAW.

Kwenye kompyuta, geuza picha kwa programu: cheupe kiwe cheusi, cheusi kiwe cheupe. Negativu ya rangi ina uchungwa wake; kwanza sawazisha rangi kwa kuchagua sehemu tupu ya ukingo wa filamu, ndipo ugeuze. Kamera ya megapikseli 24, picha ikijaa fremu, inatosha kuchapisha hadi inchi 20 kwa 13.

Kule Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Kopo la ami halina mrithi wa namna hiyo ila sisi. Na faili bila jina ni uso wa mgeni. Nilikaa na bibi jioni tatu, nikaandika nani ni nani, na harusi ya nani. Zipo picha za kina mama ndani kwenye shughuli, vichwa wazi. Hizo bibi alisema zisitoke, na hazikutoka. Si kila picha ni ya kurusha kwenye grupu.

Sisi tunaosomea ualimu tuna kazi hapa. Mwanafunzi wa skuli akimhoji bibi yake juu ya picha moja, tayari ameanza somo la historia.

Babu nilimchapisha alivyobaki: macho, ndevu, kanzu. Bibi kamtundika chumbani kwake.