Wengi ni Nani? Dzumsa na Utawala wa Kijiji katika Milima ya Himalaya

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa penye wengi hapaharibiki neno. Aghalabu methali hii hutolewa kama muhtasari wa falsafa ya utawala wa jadi, kwamba uamuzi unaopitia vinywa vingi ni bora kuliko amri ya mtu mmoja. Hata hivyo, methali yenyewe haisemi wengi hao ni nani, wala haielezi ni nani anayeachwa nje wanapoketi. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuangazia vijiji vya Lachen na Lachung katika jimbo la Sikkim, kaskazini mashariki mwa India, ambavyo huongozwa na baraza liitwalo dzumsa. Kijiji cha Malana katika jimbo la Himachal Pradesh kitatumiwa kama kielelezo cha kulinganishia. Hoja inayotetewa ni kuwa nguvu ya dzumsa na udhaifu wake vinatokana na kanuni moja: kipimo cha uwakilishi ni nyumba, si mtu.

Mazingira na chanzo cha mamlaka

Lachen iko kwenye kimo cha takriban mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, karibu na mpaka wa Tibet. Wenyeji wake ni Wabudha wenye asili ya Kitibeti. Kwa muda mrefu waliishi kwa ufugaji, kilimo na biashara ya kuvuka mpaka, hadi vita vya India na China vya mwaka 1962 vilipoifunga njia hiyo. Wafugaji huwapandisha yaki, yaani ng'ombe wa manyoya marefu wa nyanda za juu, hadi kwenye malisho ya kiangazi, kisha huwateremsha baridi inapokaribia.

Katika mazingira kama hayo, ardhi ya malisho na msitu ni mali ya wote. Nyumba moja ikitangulia kupeleka mifugo juu, itakuwa imekula nyasi za jirani. Mifugo ikirejea kabla ya mavuno, mazao ya kijiji kizima yatakanyagwa. Ndiyo maana dzumsa hupanga nyakati za kuhama na za kuvuna, na anayekiuka hutozwa faini. Basi mamlaka ya baraza hili hayatokani na ukale wake tu. Yanatokana na kazi ambayo hakuna nyumba inayoweza kuifanya peke yake.

Muundo wa dzumsa

Neno dzumsa lina maana ya mahali pa kukusanyikia. Kila nyumba hutoa mjumbe mmoja, na kuhudhuria ni wajibu: asiyefika bila sababu hulipa faini. Wajumbe huwachagua viongozi wawili waitwao pipon, ambao hutumikia kwa mwaka mmoja. Husaidiwa na watunza hesabu na wapiga mbiu wanaopeleka habari nyumba kwa nyumba. Kipindi hicho kifupi hupunguza uwezekano wa cheo kugeuka kuwa mali ya ukoo, nao uwili wa pipon humfanya kila mmoja awe jicho la mwenzake.

Malana ina muundo tofauti. Huko kuna baraza la juu lenye wajumbe kumi na mmoja, watatu wakiwa wa kudumu na wanane wakichaguliwa, pamoja na mkutano wa chini wa wawakilishi wa nyumba zote. Mamlaka ya mwisho huaminiwa kuwa ya mungu wa kijiji, Jamlu. Pale Malana, kwa hivyo, sheria huteremka kutoka kwa mungu. Lachen, huzuka kutokana na mapatano ya nyumba. Hata hivyo, mifumo yote miwili inakutana katika jambo moja: nyumba ndiyo inayohesabiwa.

Dzumsa na dola

Sikkim ilikuwa ufalme tangu mwaka 1642 hadi 1975 ilipofanywa jimbo la India. Katiba ya India ilipopokea ibara ya 371F, sheria zilizokuwa zikitumika Sikkim zilikingwa zisifutwe mara moja. Baadaye, marekebisho ya 73 ya katiba, yaliyoanza kutumika mwaka 1993, yalieneza mabaraza ya vijiji yaitwayo panchayat. Lachen na Lachung hazikulazimishwa kuziacha dzumsa. Sheria za jimbo ziliziruhusu kutekeleza majukumu ya panchayat.

Uhuru huo umezaa matunda yanayoonekana. Mnamo mwaka 2012, dzumsa ya Lachen ilipiga marufuku maji ya chupa za plastiki, kwa kuwa taka za watalii zilikuwa zikirundikana kijijini. Aidha, mkutano wa nyumba zote ulifanya kila mwenyeji kuwa mlinzi wa agizo hilo.

Suala la uwakilishi

Marekebisho yayo hayo ya 73 yaliagiza kuwa angalau theluthi moja ya viti vya panchayat itengewe wanawake. Katika desturi ya dzumsa, mjumbe wa nyumba ni mwanamume, na wadhifa wa pipon umekuwa wa wanaume. Mwanamke huketi mkutanoni hasa pale nyumba inapokosa mwanamume wa kuiwakilisha. Hapa ndipo penye fundo la mjadala. Kuilinda dzumsa ni kulinda haki ya jamii ndogo kujitawala. Kuilinda kama ilivyo ni kuendelea kuwanyima nusu ya wanajamii kauli. Hoja kwamba mwacha mila ni mtumwa haitoshi kujibu, kwa sababu anayebaki kimya ndani ya mila huenda naye hayuko huru.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, suala hili limo pia katika uteuzi wa istilahi. Kuiita dzumsa "baraza" kunafaa, lakini neno hilo lina historia yake. Katika usanifu wa Waswahili, baraza ni kiti cha mawe mbele ya nyumba, ambapo wanaume waliketi kuzungumza. Katika Kenya ya utawala wa machifu, baraza lilikuwa mkutano wa kuitwa ili kusikiliza. Maana ya kwanza inaakisi mazungumzo ya dzumsa pamoja na mipaka yake ya kijinsia. Ya pili inaipotosha, kwa kuwa pipon huchaguliwa na wale anaowaita.

Hitimisho

Tarehe 4 Oktoba 2023, ziwa la South Lhonak lilipasuka, mafuriko yakalisomba bwawa la Chungthang na kuikata Lachen na nchi iliyobaki. Msiba wa aina hiyo unadhihirisha kuwa vijiji vya milimani bado vinahitaji mamlaka yaliyo karibu, yanayozijua nyumba zote. Swali si kama dzumsa idumu, bali kama mlango wa nyumba unaweza kutoa sauti zaidi ya moja. Penye wengi hapaharibiki neno, mradi wengi hao wawe wote.