HOFU INAPOMKAMATA SHOFERI NJIANI



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Muislamu, somo la leo ni la watu wa usukani: mwenye gari ndogo, mwenye lori, na kijana wa pikipiki ya abiria. Ni jambo ambalo wengi wanalo na wachache wanalisema.

Uko njiani. Gari ni zima na barabara ni ileile unayoijua. Ghafla moyo unakwenda mbio, mikono inatoa jasho, kifua kinabana, pumzi haitoshi, vidole vinafa ganzi, na ndani yako kuna sauti inayosema: "Nakufa," au "Nitaangusha gari na watu wote hawa." Baada ya dakika chache hali inaondoka. Lakini tangu siku ile unaiogopa kona ile. Kisha unaiogopa barabara nzima. Mwisho unauogopa hata ufunguo wa gari, na nyumbani watoto wanasubiri chakula.

HOFU HII INATOKA WAPI?

Sisi watu wa Uvira tunazo sababu za kuogopa barabara. Ijumaa jioni, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, mafuta yakamwagika, kisha yakawaka. Watu zaidi ya 200 walifariki, wakiwemo waliokuwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabomoa nyumba na kuua watu. Na kila anayekwenda Bukavu kwa njia ya Kamanyola anaujua mlima wa Ngomo. Ziwa letu liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Bukavu iko karibu mita 1,500. Kupanda huko kunafanyika kwa kona, na pembeni ni bonde.

Allah ameuumba mwili na kengele ya hatari. Unapoona hatari, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga dawa iitwayo adrenalini, moyo unasukuma damu kwa nguvu na pumzi inakuwa ya haraka, ili uweze kukimbia au kupigana. Hiyo ni neema. Shida inakuja pale kengele inapolia na hatari haipo. Unapumua mbio huku umekaa tu kwenye kiti, na pumzi hizo nyingi ndizo zinazoleta kizunguzungu na ganzi ya vidole. Kumbe unachokiita kifo ni kengele iliyolia bure.

Yajue mambo mawili. La kwanza, hofu ya namna hii mara nyingi inafika kileleni ndani ya dakika 10, kisha inashuka yenyewe. La pili, ni nadra mtu kuzimia kwa ajili yake.

JE, NI UPUNGUFU WA IMANI?

Hapana. Qur'ani inatusimulia kwamba Nabii Musa (a.s.) alipoiona fimbo yake ikitikisika kama nyoka, aligeuka akakimbia. Huyo ni Mtume wa Allah, na mwili wake uliogopa. Lakini angalia kilichofuata: aliitwa arudi, akaamrishwa aikamate ileile aliyoikimbia. Hakulaumiwa kwa kuogopa. Aliambiwa arudi.

Hapo ndipo penye somo letu. Hofu yenyewe haimharibu shoferi kama kuikimbia kunavyomharibu. Kila mara unapoikwepa kona ile unapata raha ya siku moja, na hofu inapata nguvu ya mwezi mzima, kwa sababu moyo unajiambia: "Nimepona kwa kuwa sikwenda."

Wako watakaosema ni jini. Kusoma Qur'ani ni jambo jema, lakini kusikufanye uache matibabu. Mtume (s.a.w.) alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mola wake.

IKIKUKAMATA UKIWA KWENYE USUKANI

1. Usikanyage breki ghafla. Ondoa mguu kwenye mafuta polepole, shika usukani kwa mikono miwili, tazama mbele mbali. Usitazame bonde, kwa maana gari linafuata macho.

2. Tafuta mahali papana na tambarare ndipo usimame. Usisimame kwenye kona wala darajani. Ukiwa Ngomo unateremka, baki kwenye gia ndogo mpaka upate nafasi, maana nyuma yako lori lenye mzigo linaweza kushindwa kusimama.

3. Ukishasimama, vuta breki ya mkono, washa taa za tahadhari, weka jiwe chini ya gurudumu. Waambie abiria bila kuona haya: "Ndugu zangu, nipeni dakika chache." Mwenye pikipiki amshushe abiria kwanza.

4. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, itoe taratibu ukihesabu mpaka 6. Fanya hivyo dakika tano. Kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Mwenye kupenda aifuatishe pumzi na dhikri.

5. Usipigane na hofu. Iambie: "Nakujua. Wewe ni kengele. Utapita." Kisha taja vitu vitano unavyoviona: jiwe, mgomba, mtoto mwenye dumu la maji, na kadhalika. Akili inarudi pale macho yalipo.

6. Mikono ikitulia, endelea na safari mwenyewe, japo kwa mwendo mdogo. Ikiwa haijatulia, mpe usukani mwenzako mwenye leseni. Roho za abiria ni amana, na kuikabidhi amana kwa anayeiweza si aibu.

KURUDI BARABARANI

Kama umekwisha kuacha kuendesha, rudi kwa ngazi. Siku za kwanza kaa ndani ya gari uani, washa mashine, pumua. Kisha zunguka hapahapa Nyamianda alfajiri, watu wakiwa wachache. Ukizoea, fika Mulongwe, halafu Kavimvira. Baadaye nenda hadi Sange na mwenzako unayemwamini akiwa kando. Ngomo iwe ya mwisho. Usipande ngazi ya pili mpaka ya kwanza imekuchosha kwa uzoefu. Hofu ikija ukiwa kwenye ngazi, usigeuze gari mbio. Simama, pumua, ingoje ishuke, ndipo uamue. Inaweza kuchukua wiki nyingi, na kurudi nyuma siku moja si kushindwa.

Lakini tutofautishe. Ukisikia njia ina risasi, au mto umejaa, na ukabaki nyumbani, hiyo si hofu ya ugonjwa. Hiyo ni akili. Ngazi tunayoisema ni kwa njia iliyo wazi na salama.

MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Usitafute ujasiri kwenye pombe: ni haramu, na inaua barabarani. Vidonge vya kutuliza kama Valium, ukivinunua mwenyewe dukani, vinaleta usingizi na kuchelewesha mkono, na mwili unavizoea mpaka huwezi kuviacha. Kahawa kali na vinywaji vya kuongeza nguvu vinaharakisha moyo. Kukosa usingizi na kuendesha na njaa kunaiita hofu.

Nenda kwa daktari kama ndiyo mara ya kwanza, ili moyo, damu na malaria vipimwe. Nenda haraka zaidi ikiwa kifua kinauma unapopanda mlima au kubeba mzigo, au kama umewahi kuzimia au kupata kifafa. Hapo usiguse usukani mpaka umeonwa. Ikionekana ni hofu, dawa yake ipo. Ya kwanza ni mazungumzo na mtu aliyesomea mambo ya nafsi, na kwenye baadhi ya vituo vyetu vya afya wapo wasaidizi wanaoitwa APS. Wengine wanapewa na daktari vidonge vya kunywa kwa miezi.

Na wewe usiye shoferi, una sehemu yako. Abiria, shoferi akiomba kusimama, usimpigie kelele. Mke, mumeo akikuambia anaogopa barabara, usimcheke mbele ya majirani. Tajiri mwenye gari, ukimfukuza aliyesema kweli, utabaki na wanaoficha, na siku moja gari lako litalipa.

Ndugu Muislamu, kesho kabla ya kuwasha gari, kagua breki, soma dua ya safari, pumua mara kumi, kisha anza na ngazi yako ndogo. Na kama kando yako leo msikitini ameketi mtu aliyeacha kuendesha bila kusema kwa nini, mpe karatasi hii akaisome nyumbani.

Wabillahi tawfiq.