Unururifu wa Asili katika Chakula, Maji na Mazingira

Watu wengi wasikiapo habari za mionzi hukumbuka bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945, au ajali ya kinu cha Chernobyl ya mwaka 1986. Ni wachache wanaofahamu kwamba mionzi ilikuwapo duniani kabla ya binadamu kuumbwa, na kwamba udongo anaoulima, maji anayoyateka, chakula anachokila na hata mifupa yake mwenyewe hutoa mionzi usiku na mchana. Makala haya yanaeleza chimbuko la mionzi hiyo ya asili, njia inazopita hadi kumfikia mtu, na mahali ambapo hadhari inahitajika kweli.

Unururifu ni nini?

Kila kitu kimeundwa kwa atomu, na kila atomu ina kiini. Viini vya atomu nyingi ni imara; hudumu bila kubadilika. Vingine si imara, navyo huvunjika vyenyewe na kutoa mionzi. Tabia hiyo ndiyo iitwayo unururifu. Iligunduliwa mwaka 1896 na mwanasayansi Mfaransa, Henri Becquerel, alipokuwa akichunguza chumvi za urani. Mwaka 1898 Marie Curie na mumewe Pierre waligundua elementi mbili nyingine zenye tabia hiyo, yaani poloniamu na radiamu.

Mionzi hiyo ni ya aina tatu kubwa. Mionzi ya alfa ni mizito na haiendi mbali. Karatasi moja, au ngozi ya mtu, huizuia. Mionzi ya beta hupenya zaidi, lakini bamba jembamba la alumini huikomesha. Mionzi ya gama hupenya mwilini na hata ukutani, na ili kuipunguza huhitajika risasi au zege nene. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba alfa haina madhara. Kitu kitoacho alfa kikishaingia mwilini kwa pumzi au kwa chakula, hakuna tena ngozi ya kukinga, na nguvu yake yote huishia katika chembehai zilizo jirani.

Wingi wa unururifu hupimwa kwa bekereli. Bekereli 1 ni kuvunjika kwa kiini kimoja katika sekunde moja. Kiasi cha athari ya mionzi mwilini hupimwa kwa milisiveti. Kwa wastani, mtu mmoja duniani hupata takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka kutokana na vyanzo vya asili peke yake.

Chimbuko lake

Vyanzo vikuu ni viwili. Cha kwanza ni anga. Mionzi itokayo nje ya dunia huipiga hewa bila kukoma. Kadiri mtu anavyopanda juu, ndivyo tabaka la hewa linalomkinga linavyopungua; kwa sababu hiyo mkazi wa Nairobi hupata mionzi ya anga karibu mara mbili ya mkazi wa Mombasa. Mionzi hiyo pia hugeuza naitrojeni ya hewani kuwa kaboni-14, ambayo huingia katika mimea, kisha katika wanyama na watu.

Chanzo cha pili ni ardhi yenyewe. Urani-238, thoriamu-232 na potasiamu-40 zilikuwamo katika dunia tangu ilipoumbwa, nazo hazijaisha kwa kuwa huvunjika polepole mno. Nusu ya urani-238 huhitaji miaka bilioni 4.5 ili ivunjike. Muda wa namna hiyo huitwa nusu-uhai. Urani haigeuki risasi mara moja. Hupitia hatua nyingi, na miongoni mwake mna radiamu, gesi ya radoni, na poloniamu.

Ardhi hazifanani. Katika kilima cha Mrima, katika Kaunti ya Kwale, miamba na udongo vina thoriamu nyingi, na mionzi ya gama hapo huzidi kwa mbali wastani wa mahali pengine. Udongo wa mahali kama hapo ukikandikwa kuwa ukuta wa nyumba, thoriamu yake huhamia nyumbani pamoja nao.

Katika chakula

Potasiamu ni kirutubisho ambacho mwili hauwezi kuishi bila yake. Imo katika ndizi, maharage, viazi, maziwa, nyama na maji ya madafu. Katika kila atomu 10,000 za potasiamu, takriban moja ni ya potasiamu-40. Gramu moja ya potasiamu hutoa kiasi cha bekereli 31. Kwa hiyo ndizi moja mbivu huwa na bekereli zipatazo 15.

Je, mla ndizi yumo hatarini? La. Mwili hujiwekea kiasi maalumu cha potasiamu, na ziada huitoa katika mkojo. Mtu mzima ana bekereli zaidi ya 4,000 za potasiamu-40 na zaidi ya 3,000 za kaboni-14, awe amekula ndizi au hakula. Kuacha ndizi au maharage kwa kuogopa mionzi ni kujinyima lishe bila faida yoyote.

Samaki, na hasa kome na chaza, huwa na poloniamu-210 zaidi ya vyakula vya nchi kavu. Poloniamu hiyo hiyo hupatikana katika majani ya tumbaku. Mvutaji huivuta moja kwa moja hadi mapafuni.

Katika maji

Maji ya mito na ya mvua kwa kawaida huwa na unururifu mdogo. Maji ya visima virefu vilivyochimbwa katika miamba ya matale huweza kuwa na urani, radiamu na radoni zaidi, kwa kuwa yamekaa na mwamba muda mrefu. Radiamu hufanana na kalisi kikemia, hivyo mwili huipeleka mifupani. Urani hudhuru figo kwa sumu yake ya kikemia kabla hata ya mionzi yake kuhesabiwa, na Shirika la Afya Duniani limependekeza isizidi mikrogramu 30 katika lita moja ya maji ya kunywa.

Ieleweke kwamba kuchemsha maji huua vijidudu na hufukuza radoni, lakini hakuondoi urani wala radiamu. Moto hauwezi kubadili kiini cha atomu. Kisima chenye madini hayo kwa wingi hakina budi kupimwa, na maji yake yachujwe kwa mitambo maalumu au kisima kingine kitafutwe.

Mfano wa Minjingu

Mashariki ya Ziwa Manyara kuna mwamba wa fosfati wa Minjingu. Uligunduliwa mwaka 1956 na ndege iliyokuwa ikitafuta madini yenye mionzi, na ni mionzi yenyewe iliyoufichua. Fosfati hiyo ilitokana na mabaki ya samaki na ndege wa ziwa la kale, nayo ilishika urani iliyokuwa majini. Vipimo vimeonyesha radiamu ya bekereli elfu kadhaa katika kilo moja, ilhali udongo wa kawaida duniani una wastani wa 35 hivi.

Mwamba huo husagwa kuwa mbolea. Tuseme mkulima ametia kilo 200 zenye bekereli 5,000 kwa kilo katika hekta moja. Jumla ni bekereli milioni 1. Tabaka la juu la udongo wa hekta hiyo lina uzito wa kilo milioni 2.5 hivi, na kwa wastani uliotajwa lina bekereli milioni 87 za asili. Mbolea basi imeongeza takriban asilimia 1 tu. Hata hivyo, ikitiwa kila mwaka kwa miaka 50, nyongeza hiyo hupita nusu ya kiasi cha mwanzo. Kwa hiyo inafaa udongo upimwe mara kwa mara.

Hali ya mchimbaji na msagaji ni nyingine kabisa. Yeye hukutana na vumbi lenyewe kabla halijachanganyika na udongo. Kwake barakoa, kumwagia maji ili vumbi litulie, na kunawa kabla ya kula ni kinga ya lazima.

Radoni, adui asiyeonekana

Karibu nusu ya mionzi ya asili impatayo mtu hutokana na radoni na mazao yake. Gesi hii haina rangi, harufu wala ladha. Hupenya katika nyufa za sakafu, ikakusanyika ndani ya nyumba iliyofungwa na ndani ya mashimo ya madini. Nusu-uhai wake ni siku 3.8. Ikivunjika huzaa poloniamu, ambayo hunata kwenye vumbi na kubaki mapafuni.

Wachimbaji wa Schneeberg, Ujerumani, walikufa kwa maradhi ya kifua kwa karne kadhaa pasipo sababu kujulikana. Mwaka 1879 ndipo madaktari walipobaini kuwa ni kansa ya mapafu. Leo Shirika la Afya Duniani huhesabu radoni kuwa chanzo kikubwa cha kansa hiyo baada ya sigara, na hushauri isizidi bekereli 100 katika mita moja ya ujazo ya hewa ya nyumbani, au 300 pale ambapo kiwango hicho hakiwezekani. Kwa mvuta sigara hatari huzidi mara nyingi.

Kinga yake si ya gharama kubwa. Madirisha yafunguliwe, nyufa za sakafu zizibwe, na mashimo ya madini yapelekewe hewa safi kutoka nje kabla watu hawajashuka. Aidha, anayetaka kuchimba kisima au kujenga kwa mawe yatokayo katika eneo la urani, thoriamu au fosfati apeleke kwanza sampuli kwa wataalamu. Nchini Tanzania kazi hiyo ni ya Tume ya Nguvu za Atomu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003.

Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa kiza. Mionzi ya asili haikwepeki wala haistahili kuogopwa yote kwa jumla. Ndizi iliwe bila wasiwasi. Vumbi la mgodi, hewa iliyofungiwa shimoni na kisima kisichopimwa ndivyo vinavyodai uangalifu, na dawa yake ya kwanza ni kipimo.