SOMO LA AFYA: Siri ya Mgonjwa ni Amana



Huku kwetu mlimani vihamba vimegusana. Ukiwa Kibosho, Machame, Kilema au Rombo, mtu anamjua jirani yake na ukoo wake. Nesi wa zahanati naye ni jirani. Mnakutana naye kanisani au msikitini, sokoni na msibani. Pengine ni ndugu yako.

Ujirani ni mzuri. Lakini unaweza kuleta hofu. Tuseme kuna mama anayekohoa kwa wiki tatu. Zahanati iko karibu na kihamba chake, lakini haendi. Anawaza moyoni: "Nesi ni binti wa jirani. Nikipimwa leo, kesho kijiji kizima kitajua." Anangoja apate nauli ya kwenda Moshi mjini, mahali asipojulikana. Miezi miwili inapita. Kumbe ni kifua kikuu. Sasa na mtoto anayelala naye anakohoa.

Mama huyu hakucheleweshwa na umbali. Alicheleweshwa na hofu kwamba siri yake itatoka. Basi leo tujifunze: nesi anatakiwa afanye nini na siri yako?

Nesi anafungwa na kiapo

Wauguzi wanapohitimu hula kiapo. Kiapo kinachojulikana sana kilitungwa Marekani mwaka 1893. Kilipewa jina la Florence Nightingale, muuguzi wa Uingereza. Ndani yake muuguzi anaahidi kutunza siri za wagonjwa wake.

Nesi anafungwa na sheria

Tanzania ina Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Kwa sheria hiyo, muuguzi lazima asajiliwe na awe na leseni. Liko Baraza la Uuguzi na Ukunga linalosimamia kazi hiyo. Muuguzi akivunja maadili, Baraza linaweza kumwadhibu, hata kumfuta katika orodha ya wauguzi.

Iko pia Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008. Sheria hii inasema majibu ya kipimo cha virusi vya UKIMWI ni siri. Mtumishi wa afya hana ruhusa ya kuyatangaza. Tena haruhusiwi kumlazimisha mtu kupima, isipokuwa pale sheria inaporuhusu, kama kwa amri ya mahakama.

Haki yako ya kuuliza

Mwili ni wako. Kabla ya kuchomwa sindano au kutolewa damu, unaweza kuuliza: "Nesi, hii ni ya nini?" Kuuliza si utovu wa adabu. Nesi mwema atakueleza kwa maneno unayoyaelewa, kisha atangoje ukubali. Lakini mgonjwa akiletwa amezimia, wauguzi hawawezi kungoja. Wataokoa maisha kwanza.

Siri ina mipaka

Nesi anaweza kumweleza daktari au mtumishi mwingine anayekutibu. Hapo hajavunja siri. Tena yapo magonjwa ambayo lazima yatolewe taarifa serikalini, kama kipindupindu. Hiyo ni Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Taarifa hiyo huenda kwa wakubwa wa afya, ili ugonjwa uzuiwe. Haiendi sokoni.

Na sisi tuna wajibu

Mara nyingi ni sisi tunaomsumbua nesi. Mama mkwe anamfuata njiani: "Mwanangu, yule mkamwana wangu alikuja kwako. Ana nini?" Nesi anajibu: "Shikamoo mama. Hilo muulize mwenyewe." Mama mkwe anakasirika, anasema nesi ana maringo. La, hana maringo. Anamtunzia mkamwana siri leo, na kesho atakutunzia wewe.

Siri ikitoka ufanye nini?

Usigombane na nesi njiani. Usiache dawa. Nenda kwa mganga mfawidhi wa zahanati, umweleze kwa utaratibu. Usiposikilizwa, nenda kwenye kamati ya zahanati, au kwa mganga mkuu wa wilaya. Baraza la Uuguzi na Ukunga nalo hupokea malalamiko. Andika tarehe na jambo lilivyokuwa. Sasa unajua kuandika. Tumia kalamu yako.

Na wewe unayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, usingoje nauli ya mjini. Nenda zahanati leo ukapimwe makohozi. Kifua kikuu kinapona, na dawa zake ni bure.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mama katika somo hili hakwenda zahanati ya karibu?
2. Nesi anaweza kumweleza nani habari za ugonjwa wako?
3. Je, kijijini kwetu watu wanaogopa zahanati kwa sababu ya siri? Tufanye nini?