Kabla hujanunua nyundo, mdogo wangu

Mdogo wangu wa Izimbya, umeniuliza ukitaka kuanza uhunzi ununue nini kwanza, na umeniorodheshea vitu ulivyoviona kwenye simu: tanuru la gesi, fuawe ya dukani, mashine ya kusagia. Nimecheka kidogo, nisamehe. Usinunue chochote bado. Hela yako ya kahawa ifunge mahali ambapo hata kaka zako hawapajui, halafu tuongee.

Kwanza tenganisha kazi mbili ambazo wengi wenu mnazichanganya. Ipo ya kuyeyusha mawe ili upate chuma, na ipo ya kufua chuma ambacho tayari kipo. Ya kwanza ndiyo iliyowapa Wahaya sifa duniani. Katuruka, hapo hapo Bukoba Vijijini kwenu, wanaakiolojia walichimba wakakuta mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka 2,000, mahali ambapo wazee walikuwa wakipahusisha na habari za mfalme Rugomora Mahe. Mwaka 1976 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, aliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tena tanuru kama walivyofanya ujanani. Shimo la tanuru wakalijaza majani ya kinamasi yaliyochomwa. Mabomba ya udongo wakayaingiza ndani kabisa ya tanuru, upepo wa mivukuto ukawa unapata joto kabla haujaufikia mkaa. Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika habari hiyo katika jarida la Science mwaka 1978. Ukipata nauli, nenda Katuruka ukaone. Ila usianzie huko. Majembe ya viwandani yalipojaa madukani, kuyeyusha kukakosa faida, na leo hakuna jirani atakayekulipa kwa bonge la chuma ulilolitoa kwenye udongo mwekundu.

Atakulipa kwa muhoro wake wa shambani uliopinda.

Hiyo ndiyo kazi ya kuanzia: kukarabati. Zunguka kijijini uangalie vitu vinavyoharibika. Jembe limelegea shingoni, panga limepasuka kwenye mpini, shoka limekatika ncha, kisu cha kumenyea ndizi kimeisha makali. Na kuna jambo moja la kwetu Kagera ambalo vijana wengi hawalioni. Tangu mnyauko wa migomba uingie mkoani miaka ya 2000, wakulima wanaambiwa wasafishe panga kila wanapotoka shina moja kwenda jingine, ama kwa moto ama kwa Jik, ili wasisambaze ugonjwa. Wengi wanatumia moto, maana moto ni bure. Sasa angalia kitakachotokea: panga likishakuwa la rangi ya bluu karibu na makali, ule ugumu wake umepungua. Litanolewa asubuhi, mchana limelala. Mwenyewe atalaumu duka lililomuuzia. Wewe ukiweza kumweleza kilichotokea, ukalirudishia ugumu wake, na ukamshauri atumie Jik kisha alisuuze na kulipaka mafuta lisishike kutu, una mteja mpaka uzeeni.

Lakini hilo utajifunza kwa mtu. Mtafute mhunzi aliye karibu, hata kama yuko kata ya pili. Usiende na daftari ukimhoji kama mwandishi wa habari. Nenda asubuhi, msalimie kwa heshima, mwite Ta, mwombe umvukutie. Kuvukuta ndiyo shule yenyewe, kwa sababu aliyeshika upepo anautazama moto kuliko mtu yeyote. Baada ya muda utajua bila kuambiwa: wekundu wa giza, acha kupiga, chuma kitapasuka; rangi ya chungwa inayoelekea njano, piga haraka; nyeupe yenye cheche, umekiunguza na hakirudi. Ndiyo maana karakana nzuri ina kivuli. Juani rangi hizo hazionekani.

Sasa la ubinti wako, ambalo umelizungukazunguka kwenye ujumbe bila kulitaja. Ndiyo, zamani mwanamke hakutakiwa karibu na tanuru la kuyeyushia. Wazee waliliona tanuru kama mwanamke anayebeba mimba, na miiko ililizunguka pande zote. Wapo watakaokukumbusha hayo. Usibishane na mzee kwenye uwanja wake. Muulize moja kwa moja kama atakupokea. Akikataa, mshukuru, nenda kwa mwingine. Na kama wote watakataa, chuo cha VETA cha mkoa kiko Nyakato, waulize juu ya uchomeleaji na uungaji vyuma. Si uhunzi hasa, ila utatoka unajua kupima, kukata na kuheshimu moto, na hakuna atakayekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Ofisi ya SIDO Bukoba nayo ipitie, ukishakuwa na kitu cha kuonyesha mkononi.

Vifaa? Haya, tuvitaje, maana najua hutalala. Nyundo ya kilo moja inatosha mkono wako. Badala ya fuawe, chukua kichwa cha nyundo kubwa, kichimbie kwenye gogo zito, uso wake ubaki juu. Watu watakuambia kipande cha reli ndicho bora, na ni kweli, lakini Bukoba hakuna reli. Anayekuletea kipande kutoka mbali mwulize amekitoa wapi, maana kuhujumu reli ni kesi nzito na mnunuzi naye hubebwa. Koleo utafua mwenyewe, ndiyo mtihani wako wa kwanza. Upepo utatoka kwenye feni ya kuzungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Mkaa uwe mkavu. Kwa mvua za huko kwetu, uhifadhi ndani kama unavyohifadhi maharage ya mbegu.

Chuma chenyewe kinadanganya. Nondo ni rahisi kupata na inafulika vizuri, tengenezea ndoano, misumari mikubwa, koleo. Nyingi hazishiki ugumu, kwa hiyo usimuuzie mtu kisu cha nondo. Kisu na muhoro vinataka jani la springi ya gari. Ukishalifua, lipashe moto hadi sumaku isilishike, zidisha kidogo tu, kisha lichovye kwenye mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, yakiwa vuguvugu. Maji ya baridi yanaweza kulipasua ukasikia *ti!* na kazi ya siku nzima imekwenda. Hapo litakuwa gumu mpaka tupa inateleza, lakini litavunjika kama glasi. Lisafishe ling'ae, lipashe taratibu kutokea upande wa mgongo, uangalie rangi zinavyotembea: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau. Kisu simamisha kwenye njano. Muhoro unaogonga shina kutwa usogeze hadi zambarau.

Mambo matatu sitayarudia kwa upole. Shokapu ya gari usiitie motoni kamwe, wala bomba lolote lililozibwa pande zote, litalipuka. Bati na bomba la zinki moshi wake unaleta homa ya usiku kucha. Na usiende karakanani na yeboyebo na khanga. Vaa pamba, viatu vya ngozi, nywele zifunge, macho yakinge.

Bei ukiulizwa, hesabu kwanza mkaa uliokwenda, halafu muda. Siku ya gulio kaa na vitu vichache vilivyonolewa kweli, mteja ajaribu mwenyewe kwenye kipande cha mgomba. Ndugu watakuja. Mjomba atataka jembe la bure kwa kuwa alikubeba ukiwa mdogo. Mtengenezee hilo moja, mwambie mbele ya shangazi kwamba ndilo la zawadi, na la pili mpangie bei. Ukimaliza kufua koleo lako la kwanza nitumie picha, hata kama limepinda.