Darsa ya Ramadhani, Siku ya 14: Akiba ya Nyumbani na Jirani wa Ukutani

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu zangu, leo nilikusudia tuendelee na adabu za futari. Lakini tangu juzi simu yangu haina kazi nyengine ila kupokea ile sauti inayosambazwa, ya yule bwana anayesema dunia inafunga milango, meli hazitakuja, na kila mwenye akili ajaze chumba chakula mpaka dari kisha afunge mdomo wake. Wengine mmeniuliza, "Ustadhi, kuweka akiba si kukosa tawakkul?" Wengine mmeuliza kinyume chake, "Ustadhi, niuze mbuzi ninunue mchele?" Na mmoja wenu, Allah amhifadhi, hakuuliza kitu. Kaniarifu tu kuwa ameshanunua mapolo kumi. Basi adabu za futari zitangoja.

La tawakkul tulimalize haraka. Umar (r.a.) anasimulia katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiuza tende za Bani Nadhir na akiwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka. Mwaka, si wiki. Na hakuna aliyemtegemea Mola wake kuliko yeye. Kwa hivyo mtu asikutishe kwamba dumu la maji kwenye kona ya jiko ni upungufu wa imani.

Lakini ukisoma zaidi utakuta jambo la kushangaza. Bibi Aisha (r.a.) anasema miezi miwili ilikuwa inapita na moto haujawashwa katika nyumba za Mtume, wanaishi kwa tende na maji. Na alipofariki, deraya yake ilikuwa imewekwa rehani kwa Yahudi mmoja kwa pishi 30 za shayiri. Vipi sasa? Mwenye chakula cha mwaka anaweka rehani vazi lake la vita apate shayiri? Wanazuoni wamelijibu hili: alikuwa akiweka kweli, kisha mwaka haujesha, wageni na masikini na wenye shida wameshaila ile akiba. Ghala lilikuwepo, ila mlango wake ulikuwa unafunguka.

Sasa twende kwenye hadithi ambayo naiona ndiyo jawabu la maswali yenu yote mawili. Imo ndani ya Bukhari na Muslim. Mwaka mmoja, wakati wa Idd ya kuchinja, watu wa majangwani wenye njaa waliingia Madina. Mtume (s.a.w.) akawaamuru Masahaba wasiweke nyama ya udhhiya zaidi ya siku tatu, kinachobaki wakitoe sadaka. Mwaka wa pili watu wakaja kuuliza, je, tufanye kama mwaka jana? Akawaambia hapana, kuleni, lisheni na wekeni. Akawaeleza kuwa mwaka ule watu walikuwa katika shida, naye alitaka wasaidiwe.

Hebu tulia hapa kidogo, usipite mbio. Nyama ni ile ile. Nyumba ni ile ile. Chumvi ya kuikausha ni ile ile. Kilichobadilika ni nani amesimama nje ya mlango. Wakati wa njaa kuweka kumekatazwa, wakati wa neema kumeruhusiwa. Ukiniuliza "niweke kiasi gani?" huku unatazama kabati lako tu, umetazama upande mmoja. Nawe ulikuwa utazame na sokoni.

Imam Nawawi, alipoisherehesha Sahihi Muslim, amelieleza hili wazi kabisa, na natamani kila mwenye kusambaza ile sauti alisome. Akaweka mambo katika hali mbili. Chakula kikiwa tele sokoni, nunua uwekee familia yako hata cha mwaka mzima, hakuna ubaya. Chakula kikiwa kimebana, usinunue cha kurundika. Nunua kile kisichowabana Waislamu wenzio, mfano chakula cha siku kadhaa au cha mwezi. Tofautisheni hili na ihtikar, maana watu wanachanganya. Ihtikar ni ya yule anayenunua wakati wa dhiki na kuficha, akingoja bei ipande auze. Huyo Mtume (s.a.w.) amemwita mkosefu. Mama anayeweka kunde za watoto wake si muhtakir. Lakini anaweza kuwabana wenzake bila kukusudia, ikiwa atakimbilia dukani siku ile ile ambayo wote wanakimbilia.

Fikiri ni nani anayeumia. Mwenye mshahara anaweza kununua polo leo. Mpagazi wa bandarini, mama muuza mbatata za urojo, kijana wa bodaboda, hawa wananunua kilo moja, jioni, kwa pesa ya siku hiyo. Wewe ukibeba mapolo kumi asubuhi, yeye jioni anakuta bei mpya. Na usiseme wewe ni mtu mmoja tu. Kila aliyebeba siku hiyo alisema hivyo.

Kwa hivyo, ndugu yangu wa mapolo kumi, tupige hesabu pamoja kama tuko darasani. Najua nyumbani kwako mko saba. Mtu mzima anayetegemea nafaka hula takriban gramu 400 kwa siku. Saba mara 400 ni kilo 2.8. Mapolo kumi ya kilo 50 ni kilo 500. Hiyo ni karibu miezi sita ya wali, asubuhi na jioni, na fukusi hawatakungoja miezi sita. Kwa mwezi mmoja mnahitaji kilo 84, hazifiki mapolo mawili. Ushauri wangu, na si kwa kukufedhehesha: weka mawili, manane yauze kwa kilo hapo hapo mtaani kwa bei uliyonunulia. Hutapata faida ya shilingi, utapata nyengine. Na ukimjua asiyeweza hata bei hiyo, mkopeshe bila kuandika tarehe.

Sasa niseme na wale wanaodhani haya ni ya watu wa mbali. Sisi wa Unguja tumeshayaona. Mwaka 2008, mwezi wa tano, umeme unaokuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba ulikatika, tukakaa karibu mwezi mzima gizani. Mwisho wa 2009 ukakatika tena, na safari hiyo ilikuwa kama miezi mitatu, mpaka mwaka 2010. Wenye umri wangu mnakumbuka kilichotushinda. Mchele? Mchele ulikuwepo. Ni maji! Pampu zinakwenda kwa umeme, mifereji ikakauka, na foleni za ndoo zikaanza kabla ya alfajiri. Visima ambavyo watu walikuwa wanavitupia takataka vikawa ndio marafiki. Aliyekuwa na madumu sita yenye vifuniko alikuwa tajiri kuliko mwenye friji mbili, kwani friji ilikuwa kabati tu.

Basi anzeni na maji, si mchele. Mtu mmoja akiwekewa lita nne kwa siku, za kunywa na kupikia tu, familia ya watu sita inataka lita 24, yaani dumu la lita 20 na kitu juu yake. Kwa siku tatu weka madumu manne. Yawe masafi, yafunikwe, yakae kivulini, na yabadilishwe mara kwa mara. Maji ya kisima yachemshwe mpaka yatokote vizuri. Ya kufulia na ya chooni hayamo katika hesabu hiyo, yatafutieni pipa lao.

Chakula kikusanyeni polepole, na sasa, wakati maduka yana mali. Kila ukinunua mchele wa wiki, ongeza kilo moja au mbili. Wiki nyengine kunde au choroko, nyengine mafuta, chumvi, dagaa wakavu. Kula cha zamani kwanza, kipya kiweke nyuma. Nafaka iwe kavu na chombo kiwe kavu. Nabii Yusuf (a.s.) aliwaelekeza watu wa Misri waiache nafaka ndani ya mashuke yake, isipokuwa kidogo wanachokula, na wakulima wetu wa mpunga wanaijua siri hiyo: mpunga wenye maganda hukaa, mchele uliokobolewa haraka hushambuliwa. Mwenye shamba na mwenye mpunga, asikimbilie kukoboa wote.

Dawa za presha na sukari za wazee zisisubiri kidonge cha mwisho, muombe daktari akuandikie za kutosha wiki mbili za mbele. Pesa zisikae zote kwenye simu, mtandao ukizima hununui hata kiberiti. Weka noti ndogo ndogo. Mwenye mtungi wa gesi awe na seredani na mkaa kidogo pembeni. Na nawaomba sana, seredani isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya mkaa ina sumu isiyoonekana wala kunusika, watu hulala nayo wasiamke.

Narudi kwenye ile sauti. Ndani yake yamo maneno ya kweli. Ni kweli kuwa mchele mwingi tunaokula visiwani unavuka bahari. Ni kweli kuwa mwaka 2022 vita vya Urusi na Ukraine vilipandisha bei ya ngano na mafuta ya kupikia hadi huku kwetu, watu ambao hawajui Ukraine iko wapi. Ninachokikataa ni lile neno lake la mwisho: funga mdomo wako, jirani asijue. Kwa nini asijue? Anakusikia unapokohoa usiku! Harufu ya kitunguu chako inaingia dirishani kwake, watoto wake wanajua saa unayopika. Ukishiba peke yako ukuta mmoja na mwenye njaa, utahitaji makufuli mangapi, na usingizi utaupata saa ngapi?

Yusuf (a.s.) hakuchimba shimo la chakula chake na cha jamaa zake. Aliomba asimamie hazina za nchi, na ilipofika dhiki, hata wageni kutoka Kanaani walipimiwa, kila mtu mzigo wa ngamia. Na Mtume (s.a.w.) aliwasifu Ash'ari, watu wa kabila la Abu Musa, kwamba chakula kikiwapungukia safarini au majumbani walikusanya walichonacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawa sawa kwa chombo kimoja. Akasema wao ni katika yeye, naye ni katika wao. Hilo lilikuwa kabila zima, sisi tuanze na nyumba tano.

Kazi ya leo, baada ya Tarawehe. Kila mmoja azijue nyumba mbili zilizo kulia kwake na mbili za kushoto. Nani ana kisima? Nani ana mzee asiyeweza kubeba ndoo? Nani ana mtoto mchanga? Nani anaishi peke yake na haombi kwa haya? Huyo wa mwisho ndiye wa kumuanza, na usiende kwake na maswali, nenda na sahani ya futari. Kisha unapohesabu kilo zako za mwezi, mtie na yeye katika hesabu, walau za siku chache. Wanaosimamia msikiti wa mtaa wenu waulizeni kama kile kisima kina kamba na ndoo, au kimebaki kifuniko tu.

Mwenye ile sauti kwenye simu yake asiisambaze. Mwenye swali aandike, nitajibu baada ya Alasiri inshaAllah. Na kesho, tukijaaliwa uhai, tutarudi kwenye adabu za futari pale tulipoishia.

Allahumma tuepushe na njaa, na tuepushe na kushiba kunakosahau wenzetu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.