Kabla Kikundi Hakijanunua Programu ya Kusoma Nota

Somo la leo ni la vikundi vilivyo na kwaya, na pia vile vikundi vya vijana vilivyonunua kompyuta moja na mashine ya kuchapisha, na sasa vinatafuta kazi ya kuleta pesa. Kazi moja inayobisha mlangoni ni hii: mwalimu wa kwaya analeta kitabu cha nyimbo kilichochakaa, anasema, "Niwekeeni hizi nota kwenye kompyuta. Nataka wimbo ushuke kidogo, na kila mwimbaji apate nakala safi."

Kupiga picha ya ukurasa ni rahisi, hata simu inaweza. Lakini picha ni picha tu. Huwezi kuiambia ishuke kutoka G hadi F, wala huwezi kutoa sauti ya besi peke yake. Ndiyo maana kuna programu za kusoma nota: inatazama picha, inatambua hii ni nota gani na ni ya mapigo mangapi, kisha inaipeleka kwenye programu ya kuandikia muziki. Jambo hili lilianza kutafitiwa kule MIT, Marekani, mwaka wa 1966, na hadi leo hakuna programu inayosoma kila karatasi bila mtu kukaa kusahihisha. Kumbukeni hilo muuzaji anapowaambia ni kubonyeza kitufe tu.

Mimi nasema hivi kwa sababu niliwahi kuchomeka. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu, na tukakubaliana kutoa pesa za chama za miezi mitatu tununue programu moja ya kulipia. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa amefariki, ametuachia sanduku la nyimbo, na tuliogopa mchwa watazimaliza. Kufungua sanduku, kumbe karatasi karibu zote ni sol-fa, na nusu yake imeandikwa kwa mkono. Programu ikasoma patupu. Pesa hazikurudi, na akina mama waliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Kwani hukutazama karatasi kwanza?"

Basi hapo ndipo pa kuanzia. Tazameni karatasi zenu kabla ya kutazama programu.

Programu hizi zinaanza kwa kutafuta ile mistari mitano. Zikiipata, zinapima nafasi kati ya mstari na mstari, na kwa kipimo hicho zinajua kichwa cha nota kinafaa kuwa kikubwa kiasi gani. Halafu ndipo zinatafuta mikia, mapumziko, shapu na flati. Sasa sol-fa yetu haina mistari mitano. Ina herufi d, r, m, na nukta mbili za kutenga mapigo. Ilienezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu mmoja mama, Sarah Glover wa Norwich, na ilipendwa kwa sababu kiwanda chochote cha kupiga chapa kingeweza kuichapa kwa herufi za kawaida. Urahisi huo huo ndio unaoishinda programu, maana kwake hayo ni maandishi tu. Vile vitabu vyenye mistari na sol-fa pamoja navyo vina taabu yake: programu huweza kuzichukua zile d na m ikadhani ni maneno ya wimbo, ikazitandaza chini ya nota.

Karatasi za mkono pia ziwekeni kando. Programu hizi zimefundishwa maandishi ya kiwandani.

Kikundi kikibaki na karatasi zilizochapwa kwa mistari mitano, hapo sasa kuna la kuzungumza. Mimi nashauri muanze na Audiveris. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye kompyuta za Windows, Linux na Mac, na ina mahali pa kusahihishia makosa palepale picha ikiwa mbele yako. Kipimo ambacho hesabu ya mapigo imekataa, inakipaka rangi ili ukione. Pia mnaweza kuiambia maneno ya wimbo ni ya Kiswahili, isije ikayasoma kama Kiingereza. Ubaya wake ni kwamba si programu ya kujifunza kwa dakika kumi. Mtu mmoja kikundini apewe wiki moja ya kuizoea.

Za kulipia ziko, kama SmartScore na ScanScore. Kuna na za simu, kama PlayScore 2, ambayo unapiga picha ya ukurasa nayo inakuchezea wimbo. Hiyo inamfaa mwimbaji anayejifunza sauti yake nyumbani. Lakini kuutoa ule wimbo uende kwenye programu ya kuandikia, hapo wanataka malipo, na malipo yenyewe ni ya kurudia. Ulizeni mapema kama ni malipo ya mara moja au ya kila mwaka, kwa sababu kikundi kinachotegemea mazao hakiwezi kuahidi kila mwaka.

Ya kuandikia ni MuseScore, nayo ni ya bure kabisa. Muwe macho: iko tovuti yenye jina hilo hilo ya kubadilishana nota, na ile hutoza ada. Mtu asitoe namba ya kadi akidhani analipia programu.

Namna ya kupima programu ni kwa saa ya ukutani. Chagueni ukurasa mmoja wa kawaida katika kazi zenu, si ule mzuri kuliko wote. Mmoja auandike kwa mkono kwenye MuseScore tangu mwanzo hadi mwisho. Mwingine auskani, auachie programu, kisha asahihishe mpaka kusiwe na kosa. Tuseme wa kwanza amemaliza kwa dakika arobaini na wa pili kwa hamsini; programu hiyo imewacheleweshea kazi, hata kama ni ya bure. Watu wengi huhesabu zile dakika mbili za kusoma tu, wanasahau za kusahihisha. Na kabla ya kununua ya kulipia, ombeni nafasi ya kuijaribu kwa ukurasa wenu wenyewe. Wakiwaonyesha ukurasa wao, hiyo si kitu.

Makosa mtakayoyaona sana yako katika nyimbo za sauti nne. Vitabu vya kanisa huweka soprano na alto kwenye mistari ya juu, tena na besi kwenye mistari ya chini. Sauti mbili zinapokutana, programu huchanganya: alto inapanda kwa soprano, au nota moja inayoimbwa na wote wawili inahesabiwa mara moja. Nukta baada ya nota hupotea, hasa kwenye karatasi yenye madoadoa. Tena pale penye beti nne chini ya nota, maneno ya ubeti wa pili hurukia wa tatu. Kwa hiyo msikilize kwa masikio pia. Ichezesheni sauti moja moja, na mwenye kujua wimbo awe karibu. Sikio la mwanakwaya wa miaka ishirini hushika kosa ambalo jicho limelipita.

Picha yenyewe nayo iwe nzuri. Skani kwa 300 dpi, rangi ya kijivu, ukurasa umelala sawa. Fotokopi ya fotokopi mistari yake imekatika. Tafuteni kitabu cha asili hata kama ni kuazima kijiji cha pili.

Kuhifadhi: msiache nyimbo katika faili ya programu moja tu. Mwezi Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena Finale, programu iliyotumiwa na watunzi kwa zaidi ya miaka thelathini. Waliokuwa na kazi zao humo tu walianza kukimbizana. Hifadhini pia nakala ya MusicXML, ambayo programu nyingi huifungua, na nyingine ya PDF, halafu ziwekwe kwa watu wawili nyumba mbili.

Kuhusu haki: katika sheria ya Kenya wimbo una mwenyewe mpaka miaka 50 ipite tangu mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Kabla hapo ombeni ruhusa kwake au kwa jamaa yake, hasa kama mtauza nakala.

Na lile sanduku letu? Sol-fa tunaiandika kwa mkono, na si kazi ngumu kama nilivyoogopa. Kwenye MuseScore nota zinaingia kwa herufi za kibodi. Tunachukua d kuwa C, r kuwa D, m ni E, f ni F, s ni G, l ni A, t ni B. Fe inakuwa F shapu, ta inakuwa B flati. Wimbo ukiisha, tunaiamuru programu iupeleke kwenye ufunguo ulioandikwa juu ya karatasi. Pale ambapo doh inahama katikati ya wimbo tunasimama kwanza, tunahesabu upya. Palipoliwa na mchwa tunawaita mama wawili waliokuwa wakiimba alto zamani. Mmoja anaimba, mwingine anasema hapana, ilikuwa chini zaidi. Tumemaliza nyimbo kumi na nne.

Maswali ya kujadili kikundini:

Katika karatasi zenu, ngapi ni za mistari, ngapi ni za sol-fa, na ngapi ni za mkono? Hesabuni kabla ya mkutano.

Nani bado anazikumbuka nyimbo ambazo hazijachapwa popote, na ni nani ataenda kumwona mwezi huu?